Mhandisi Alivyosikika Kizimbani

Tumemzika Mhandisi Mwaipopo Jumamosi, makaburi ya Kinondoni, jua likiwa kali na msemaji wa familia akiwa na haraka kwa sababu kulikuwa na msafara mwingine wa maziko nyuma yetu. Wasifu wake ulisomwa na mjukuu wake, msichana mwenye sauti nzuri ambaye hakubabaika hata kidogo. Alizaliwa Kyela, akasoma, akafanya kazi ya umeme viwandani, akaoa, akajenga, “na baadaye akawa shahidi mtaalamu katika mahakama mbalimbali.” Ilikuwa sentensi moja tu, kisha wakaingia kwenye habari za kwaya na kanisa. Kando yangu kwenye viti vya plastiki alikaa Mama Mlay, bosi wangu wa kwanza, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo na anasikia kwa sikio moja. Sentensi ile ilipopita akanigusa goti, akasema kwa sauti ambayo yeye aliiona ni ya kunong'ona, na safu nzima ikageuka: “Hapo wameruka mambo.” Nikamjibu, “Wameruka, mama.” Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Familia haina kosa, haikuwepo. Tuliokuwepo ni wachache, na mimi ndiye niliyekuwa kijana kuliko wote, basi nayaandika mimi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shahada ya sheria na sina pa kwenda. Mama Mlay alikuwa hakimu mstaafu, mama wa Kichaga mrefu asiyependa maneno mengi, na alikuwa amepanga nyumba Kinondoni akaifanya kituo cha kuwafundisha wataalamu kutoa ushahidi mahakamani: madaktari, wahandisi, wahasibu, watu wa kutambua maandishi. Sebule ndiyo ilikuwa darasa. Chumba kimoja kilikuwa ofisi yake, na mimi nilipewa meza jikoni, kati ya jiko la gesi na dirisha la nondo, ambako pazia lilikuwa bado lile la maua la wapangaji waliotangulia. Siku ya kwanza alinieleza kazi akiwa amesimama, anakoroga chai ya rangi. “Mtaalamu akishuka kizimbani hakuna anayemwambia alikuwaje,” alisema. “Anasikia tu kwamba fulani kafungwa au kaachiwa, anadhani hiyo ndiyo alama yake. Sasa wewe utakwenda kwa waliokuwa wanamsikiliza. Mahakimu, waendesha mashtaka, mawakili. Utawauliza: mlimwelewa? Alijibu alichoulizwa? Alikaa ndani ya fani yake? Kesi zilizokwisha tu, zinazoendelea usiziguse. Na atakayekujibu, jina lake halitoki humu ndani.” Alipofika mlangoni akageuka. “Na hatuwaambii waseme nini, Mwanaidi. Tunawaambia walivyosikika. Ukichanganya hayo mawili, nakufukuza siku hiyohiyo.” Nimeshakuwa hakimu mimi mwenyewe sasa, nimewasikiliza wataalamu wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na bado sijapata maelezo ya kazi yaliyonyooka kuliko yale.

Nilianza vibaya, ingawa mwanzoni nilidhani naanza vizuri. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa adabu, na kila mtaalamu alikuwa mzuri. Daktari wa vipimo, mzuri. Mtu wa maandishi, mzuri sana. Temeke kulikuwa na wakili mmoja, Shomari, mzaliwa wa palepale, ofisi yake juu ya duka la rangi, kiasi kwamba ukiingia pua inawasha kabla hujakaa. Feni ilikuwa inapeperusha karatasi zake, naye alikuwa ameziwekea vikombe juu. Nilimsomea maswali yangu yote. Alinisikiliza huku anatafuna karanga, kisha akasema, “Andika mzuri. Wote andika wazuri. Mie hawa nitakutana nao tena wiki ijayo, binti, unataka nikasemwe?” Nikamwambia jina lake halitatoka. Akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyemwahidi gari. Lakini mchana ule, kwa kuwa njaa ilikuwa imenishika, niliingia kwenye banda la chakula nyuma ya mahakama, nikaagiza wali na maharage na kipande cha samaki, na nikiwa nasubiri nikasikia yote niliyokuwa natembea kuyatafuta. Mawakili wawili walikuwa meza ya nyuma yangu, koti limetundikwa kwenye kiti, mikono ya mashati imekunjwa. “Kumbe Mwaipopo ndo shahidi wao?” aliuliza mmoja. Mwenzake akajibu huku ananawa, “Ndo huyo. Na ukiona Mwaipopo kaitwa, mwambie mteja wako aanze kuaga nyumbani.” Wakacheka, wakaanza kula. Mimi samaki wangu aliletwa nikawa namtazama tu.

Inabidi nieleze kwa nini. Mhandisi Mwaipopo alikuwa shahidi wa moto. Nyumba ikiungua, duka likiungua, gari likiungua, aliitwa kueleza moto umeanzia wapi na umeanzaje. Na pale kituoni kwetu ndiye aliyekuwa mwalimu wa walimu. Alikuwa anakuja siku za mafunzo na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inasimama, anasalimia kila mtu kwa jina, na kila akirudi kutoka kwao anatuletea mchele wa Kyela, ule unaonukia ukiwa bado haujaiva. Aliwafundisha vijana kusimama wima, kumtazama hakimu, kutosema “nadhani”. “Neno nadhani liache nyumbani,” alikuwa anawaambia. “Mahakama inakuita kwa sababu unajua.” Mimi nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni, namkubali kabisa. Sauti yake ilikuwa na uzito ambao ulikufanya uone aibu kumtilia shaka.

Tangu siku ile ya samaki nilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Maswali rasmi niliendelea kuyauliza maofisini, lakini nilihakikisha nakula walipokula wao. Nilikunywa supu Temeke asubuhi, nikala ndizi nyama Kinondoni mchana, nikanywa chai na vitumbua kwenye benchi za korido wakati kesi zinaahirishwa. Sikuwa nawapeleleza, kila mmoja alijua mimi ni nani na nafanya nini, nilikuwa narudia kila nikikaa. Ila watu wakiwa na tonge mkononi wanasema wanachokimaanisha. Wakaniambia kwamba daktari fulani anaongea Kilatini na kumtisha hata mwendesha mashtaka aliyemwita. Kwamba mhasibu mmoja akibanwa swali anakasirika, na mwenye hasira haaminiki hata akiwa sahihi. Haya yote niliyapeleka kwa wenyewe, na wengi walishukuru. Lakini habari za Mhandisi zilikuwa zinakuja tofauti. Waendesha mashtaka walimsifu bila mipaka. Hakimu mmoja, mtu makini ambaye namheshimu hadi leo, aliniambia akiwa anafunga joho lake kwenye mfuko, “Yule hababaiki. Akishuka kizimbani, mie hukumu nimeshaiandika nusu kichwani.” Alisema kwa kumsifu. Nami nikaiandika kama sifa, nikatoka, na nilipofika getini nikaisoma tena, nikaona kwamba haikuwa sifa.

Nilirudi kwa Shomari. Safari hii sikumsomea swali lolote. Nilimuuliza tu, Mhandisi Mwaipopo ana kasoro gani. Aliacha karanga zake. “Anajua sana fani yake,” alisema. “Hilo silitilii shaka. Mie nimemhoji kwenye kesi nyingi, na sijawahi kumsikia akisema sijui. Hata mara moja. Moto umeunguza mpaka msingi, mvua imenyesha, watu wamezoa mabati, wamefagia, yeye anafika baadaye anasema bila shaka yoyote umewashwa na mtu. Mimi sijui kama anakosea. Na yeye hajui kama anakosea. Ndo ninachokiogopa.” Akaongeza kwa sauti ya chini, “Kuna watu wapo ndani kwa lile neno lake la bila shaka.”

Nilimpelekea Mama Mlay habari hizo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Yeye na Mhandisi walikuwa marafiki wa miaka. Mke wa Mhandisi alipofariki, Mama Mlay ndiye aliyekaa naye. Nikadhani atasema tuiache. “Utamwambia wewe,” alisema. “Mie nikimwambia nitailainisha, na yeye ataisikia imelainika.” Nikamwambia mama, mimi ni mtoto mdogo, ataniona sina adabu. Akajibu, “Kuwa na adabu. Lakini mwambie.”

Ilikuwa Jumatano mchana, baada ya mafunzo. Vijana walikuwa wameondoka, na sisi watatu tulibaki sebuleni na sufuria ya wali wa ule mchele wake wa Kyela, mchicha wa nazi na kuku. Nilimpa shikamoo kwa mara ya pili siku ile, maana sikujua nianzie wapi, na yeye akaitikia marahaba huku ananiangalia kwa mshangao. Nikaanza na sifa, zilikuwa nyingi na za kweli. Akawa anaitikia kwa kichwa, anakula. Nikafika kwenye kasoro. Nikasema, “Mhandisi, waliokuhoji wanasema hujawahi kuwaambia hujui. Wanasema hata pale ambapo ushahidi ulikuwa umeshaharibika, ulisema bila shaka. Na hakimu anakuamini kiasi kwamba hakuna swali linalobaki.” Aliweka kijiko chini. “Nani kasema?” Nikamwambia siwezi kumtajia. “Ni hawa mawakili wa utetezi,” alisema. “Kazi yao ni kunichafua.” Nikasema, “Si wao peke yao. Kuna waliokusifu kwa jambo hilohilo.” Hapo alimgeukia Mama Mlay, na sauti yake haikupanda, ilishuka. “Umemtuma huyu binti aje anifundishe moto?” Mama Mlay akajibu, “Kuhusu moto hajakwambia kitu. Kakwambia watu walivyokusikia.” Mhandisi alinyanyuka, akanawa mikono jikoni kwangu, akaifuta vizuri kidole kwa kidole, akaondoka. Sahani yake ilibaki na chakula zaidi ya nusu. Mama Mlay alimaliza ya kwake yote, kisha akaniambia niweke hicho kilichobaki kwenye friji.

Nilidhani tumempoteza. Mafunzo yaliyofuata hakuja, na Mama Mlay alifundisha mwenyewe, vibaya, maana hakuwa na uvumilivu. Halafu asubuhi moja nilifika nikamkuta Mhandisi amekaa ngazini kwenye mlango wa nyuma, shati jeupe kama kawaida, anasubiri mwenye ufunguo. Hakuomba radhi wala hakurudia maneno ya siku ile. Alisema, “Mnazo nakala za mienendo ya kesi zangu? Zile zilizokwisha. Nataka nisome nilichosema.” Tulikuwa nazo baadhi, kwa ajili ya kufundishia. Nilimpa, akakaa kwenye meza yangu jikoni, nami nikahamia kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alisoma siku ile na siku zilizofuata. Ilikuwa ajabu kumtazama mtu mzima anakutana na sauti yake mwenyewe. Kuna kurasa alitabasamu. Kuna ukurasa mmoja alikaa nao mpaka chai yake ikafanya utando juu, kisha akaniita kama mtu anayeita shahidi. “Ona hapa, mwanangu. Hapa nimesema moto umeanzia mlangoni, hilo nililiona, mbao zilikuwa zinaonyesha. Hapa chini nimesema mafuta ya taa yalimwagwa. Nani aliniambia mafuta ya taa? Mpelelezi aliniambia, tukiwa njiani. Mie nikasema kama nimeyanusa mwenyewe.” Alivua miwani. “Nilikuwa nafundisha watu waache nadhani nyumbani. Sikuwaambia wanachokikisia wakiweke wapi.” Nilichemsha maji mengine.

Kesi ya moto wa Keko ilisikilizwa katikati ya mwaka ule, mahakama ya Temeke. Hatukuwahi kuizungumza naye. Ilikuwa bado inaendelea, na sheria ya Mama Mlay ilikuwa palepale. Mimi nilijua tu kwa kuwa Shomari ndiye aliyekuwa anamtetea mshtakiwa, na nilikuwa korido siku hiyo kwa shughuli nyingine. Mshtakiwa alikuwa fundi seremala aitwaye Hamisi. Karakana aliyokuwa anafanya kazi iliungua, ikaungua na ya jirani, na kwa kuwa alikuwa amegombana na mwenye karakana mbele za watu, alikamatwa asubuhi yake. Alikosa wadhamini, akakaa mahabusu mpaka suruali ikawa inamshuka. Kosa lile adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mkewe alikaa benchi ya nyuma na mtoto mgongoni, na kila mlango ukifunguliwa anageuka. Nikaingia nikakaa karibu naye. Kabla ya kuanza Shomari alipita, akaniinamia. “Shahidi wao wa mwisho,” alisema, “Mwaipopo.” Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujiandaa kushindwa. Mkononi alikuwa na karatasi za maswali, nyingi.

Mhandisi alipanda kizimbani, akaapa, akasimama wima kama alivyowafundisha vijana. Mwendesha mashtaka alimpitisha kwenye elimu yake na kazi zake, kisha akamuuliza alichokiona Keko. Akaeleza vizuri, taratibu, kwa maneno ambayo hata yule mama mwenye mtoto aliyaelewa: ukuta ulioungua zaidi, nyaya zilizoyeyuka, makopo ya tina, ile ya kuchanganyia rangi, na ya vanishi yaliyopasuka. “Na kwa utaalamu wako,” aliuliza mwendesha mashtaka, huku tayari anageuza ukurasa unaofuata, “moto huu ulisababishwa na nini?” Mhandisi akamtazama hakimu. “Ulianzia upande wa ukuta wa nyuma, Mheshimiwa. Hilo naweza kulisema. Kilichouwasha sikijui.” Mwendesha mashtaka aliuachia ukurasa aliokuwa anaugeuza. Akasema, “Katika ripoti yako uliandika kuna dalili za kuwashwa kwa makusudi.” “Niliandika.” “Kwa hiyo?” “Dalili yenyewe ilikuwa tina iliyomwagika sakafuni. Ile ni karakana ya seremala, tina inamwagika kila siku. Na nyaya za ukuta ule ule zilikuwa zimeungua kiasi kwamba siwezi kusema zilianza au zilifuatia. Nilifika watu wakiwa wameshaanza kuzoa.” Hakimu aliinua kalamu. “Shahidi, unaiambia mahakama ripoti yako si ya kweli?” Niliona mkono wa Mhandisi unashika ukingo wa kizimba. “Nilichokiona ni kweli, Mheshimiwa. Nilichokikisia nilikiandika kana kwamba nimekiona. Leo nimeapa, nimeona nivitenganishe.”

Mwendesha mashtaka alimbana, na alikuwa na haki ya kumbana. Alimuuliza kama kuna mtu amezungumza naye kuhusu kesi ile. Akajibu hapana, na ilikuwa kweli. Alimuuliza kama anazeeka. Akajibu ndiyo, na watu wakacheka kidogo, hata hakimu. Kisha Shomari akaitwa kumhoji. Alisimama na karatasi zake, akazitazama, akazilaza mezani. “Sina swali, Mheshimiwa.” Mke wa Hamisi akanishika mkono, akaniuliza kwa hofu, “Mbona hamuulizi kitu? Ndo tumeshindwa?” Nikamwambia hapana dada, subiri. Baada ya majuma kadhaa hakimu alisema hakuna kesi ya kujibu. Hamisi alitoka, akasimama uani hajui aende upande gani, mkewe akimshika shati. Jambo la kwanza alilomuuliza Shomari lilikuwa habari za randa yake, kama nayo iliungua.

Iliungua, na si Hamisi peke yake aliyepata hasara. Mhandisi hakuitwa tena. Wapelelezi waliokuwa wanampigia asubuhi asubuhi wakaanza kumpigia mtu mwingine. Alikuwa anakuja kituoni siku ambazo hakuna mafunzo, anakaa sebuleni, anasoma gazeti mpaka matangazo ya minada. Watu wawili wa idara fulani walimjia Mama Mlay, wakafunga mlango, nami nikawasikia kupitia ukuta wa jikoni wakisema kituo kinaharibu mashahidi. “Nionyesheni nilipomwambia aseme nini,” akajibu Mama Mlay. Hawakuonyesha. “Basi nyie mnachotaka ni shahidi asiyejua anavyosikika. Huyo mtafuteni kwingine.” Waliondoka bila kunywa chai. Mhandisi alikuwa sebuleni muda wote, na alisikia kama mimi. Aliporudi kufundisha, neno nadhani alilitengea somo zima, na lilikuwa somo gumu kuliko yote. Vijana walitoka wamechoka. Kesi zake za zamani, zile za mafuta ya taa, aliziandikia matamko, moja moja, na kuyapeleka kwa mawakili waliokuwa wanakata rufaa. Mengine yalisaidia, mengine hayakusaidia, na yeye alitaka kujua kila kesi ilivyokwenda.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilichagua uhakimu badala ya uwakili, ambao una uhuru zaidi. Huwa natoa jibu la adabu. Ukweli ni kwamba nilitaka kukaa pale ambapo neno “sijui” la mtu linapokelewa, na kulipokea vizuri. Mwaka ule ulikuwa unakwisha, barua yangu ya mafunzo ya vitendo ilikuwa imetoka, na nilikuwa nimebakiza siku chache kwenye ile meza ya jikoni, wakati Shomari alipokuja Kinondoni kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni anapepesa macho kwa jua alilotoka nalo, akakataa kiti, akakubali maji. Alikuwa na mteja, duka limeungua Tandale, bima na polisi wote wanasema amelichoma mwenyewe. Anatafuta mtaalamu wa kumwita yeye, upande wa utetezi.

“Mwaipopo bado anafanya kazi?” aliuliza.

“Hajaitwa muda mrefu,” nikamwambia.

“Nikimwita mimi, na akienda kule akaona mteja wangu ndiye aliyewasha, atasema?”

“Atasema.”

Alikunywa maji yote, akaweka glasi pembeni ya sinki, akafikiri. Kutoka sebuleni tulimsikia Mhandisi akigeuza gazeti.

“Haya,” alisema Shomari, akavaa koti lake. “Nipeleke kwake.”